Dirisha la Nyuma la Gari la Turubai

Kabla sijasema lolote naomba mnivumilie, wasomaji. Mwandiko wangu umelala upande, na r na l bado zinanisumbua, maana nyumbani tunasema Kisukuma na shule niliishia darasa la saba. Tangu hapo mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu. Sentensi moja naiandika asubuhi, ya pili naiandika mteja akishaondoka. Ila kusema mbele za watu ndiyo siwezi kabisa, kwa hiyo afadhali karatasi. Mkikuta neno halijakaa sawa, lisomeni hivyo hivyo mpite.

Baba yangu ni fundi wa kushona siti na maturubai hapa Bariadi. Kibanda chetu kipo kando ya kijiwe cha bodaboda. Wakati wa pamba tunashona maturubai ya malori, na pamba ikiisha tunarudi kwenye siti za pikipiki na makochi ya watu. Mama alifariki nikiwa bado shuleni. Nilipomaliza darasa la saba Baba alinikalisha kwenye cherehani, nikawa fundi mwenzake. Sikuona aibu na cherehani. Cherehani haikuulizi kitu.

Ninachotaka kuwaeleza ni habari ya macho ya Baba, na inabidi nipitie kwenye gari moja.

Macho yake yalianza kupungua taratibu. Alisema ni mtoto wa jicho. Hakuna aliyempima. Alijua hivyo kwa sababu babu aliugua mtoto wa jicho, akatolewa, akaona tena mpaka alipokufa. Na kwetu watu husema mtoto wa jicho hakatwi akiwa mchanga. Lazima akomae kwanza, kama vile huwezi kuchuma pamba kabla tunda halijapasuka. Ukimkata mapema anarudi na hasira. Basi Baba alikuwa anangoja akomae. Mimi nilikuwa naangalia macho yake naona ni safi, hayana ule weupe aliokuwa nao babu. Nikimwambia, anafurahi.

"Umeona? Bado mchanga. Tulia."

Wateja hawakutakiwa kujua. Nani atampelekea siti fundi asiyeona? Kwa hiyo kazi ya kutunga uzi ikawa yangu, akisema ni kwa sababu vidole vyangu ni vyembamba. Kazi ya kuchora na kukata ikawa yangu pia, akisema anataka nikomae kikazi. Yeye alibaki kuongea na wateja na kushona mistari iliyonyooka, kwa sababu kitu kilichokuwa mbele yake kabisa bado alikiona. Cha pembeni ndicho kilichokuwa kimekwenda. Bodaboda walikuwa wakimsalimia kutoka ubavuni, haitikii. Wakaanza kusema mzee wa siku hizi ana maringo. Baba alisikia maneno hayo akayaacha yaendelee. Aliona ni heri kuitwa mwenye maringo.

Ndipo likaja lile gari.

Lilikuwa la kijana mmoja wa Nkololo aliyefanikiwa Mwanza kwenye biashara. Gari la kifahari, jeusi, chini kama limekaa kitako, na juu halina bati. Paa lake ni turubai linalokunjwa likalala nyuma ya siti. Kwenye barabara yetu ya vumbi lilionekana kama kitu kilichopotea njia. Bodaboda waliacha abiria wakaja kulizunguka.

"Bosi, hili mbona limenyolewa kipara?"

"Mvua ikinyesha unafungua mwavuli au unaimba?"

Kijana alicheka nao. Alishuka akamwinamia Baba kidogo, kama tunavyowasalimia wakubwa.

"Mwadila, Baba."

"Mwadila, ng'wanawane. Karibu, mwanangu."

Shida yake ilikuwa dirisha la nyuma. Magari ya namna ile dirisha la nyuma si la kioo. Ni nailoni nene inayoonyesha, imeshonwa kwenye turubai ili paa likikunjwa nayo ikunjike. Ya kwake ilikuwa imepigwa jua miaka mingi ikageuka njano na kukauka. Siku alipolikunja paa akiwa njiani, ilikatika katikati na nyufa zikatawanyika kama tope la lambo wakati wa kiangazi. Dada yake alikuwa anaolewa kanisani Jumamosi, na bibi harusi ndiye angepanda gari hilo.

"Mwanza wameniambia nibadilishe paa zima, na paa linatoka nje ya nchi," alisema. "Nimeambiwa wewe unashona maturubai ya malori hayapitishi tone."

Baba alipapasa mshono wa dirisha lile kwa kidole gumba, akauzunguka wote bila kuliangalia. Aliniuliza kwa Kisukuma kama nailoni ile ipo madukani. Nikamwambia Mwanza ipo, inauzwa kwa mita, ila isikunjwe, ije imeviringishwa. Akamgeukia kijana akasema kazi itafanyika.

Kijana alituachia gari, na nailoni ilikuja na basi. Tulilivua turubai kwenye gari, tukafumua mshono wa zamani kwa wembe, uzi baada ya uzi, tukatoa kipande kilichokufa. Nilikiweka juu ya karatasi ya mfuko wa saruji nikachora umbo lake, nikaacha nafasi ya mshono. Nilikata nailoni juani, kwa sababu ikiwa baridi inakataa kutii. Hatukutumia pini. Nailoni si kama kitambaa, tundu likiingia halifungi tena. Tulishika kwa gundi kidogo pembeni na vibanio vya nguo. Na sindano ilibidi ipige hatua ndefu, maana matundu yakikaribiana mshono wenyewe unakuwa mahali pa kukatikia.

Hapo ndipo Baba aliposimama nyuma ya cherehani, akaweka mkono kwenye gurudumu, halafu akautoa. Hii ni kazi ambayo ukikosea hufumui. Alijua, na alijua kwamba najua.

"Leo shona wewe," alisema. "Mimi nitavuta."

Nikashona. Yeye alikaa upande wa pili akiivuta nailoni iwe tambarare, akisikiliza. Kwenye kona alikuwa anasema "polepole" kabla sijafika, kwa sababu mkono wake ulishaitambua kona. Sijui kama niliwahi kushona vizuri vile. Tulipolirudisha turubai kwenye gari na kulisimamisha paa, ukitazama kupitia dirisha ulikuwa unaona kijiwe chote, pikipiki na watu, kana kwamba hakuna kitu katikati. Kwenye kingo tu palibaki alama za gundi.

Sasa Baba ana desturi yake, na mafundi wengi wa siti hapa wanayo. Kazi ikiisha hamkabidhi mteja hivi hivi. Anamsubiri afike, kisha mbele yake analowesha tambara kwa tina, ile ya kuchanganyia rangi, anafuta gundi yote na alama za vidole mpaka siti inang'aa. Anaita kuogesha. Mteja akiona kazi yake inaogeshwa, roho yake inatulia. Kwenye ngozi ya plastiki ya siti tina haina neno. Kwenye nailoni inayoonyesha, tina ni sumu. Mimi nilikuwa nimeandaa maji ya sabuni kwenye bakuli.

Kijana alifika mchana na rafiki yake. Bodaboda nao walisogea. Baba alinyoosha mkono nikampa tambara la maji ya sabuni. Akalinusa.

"Hili ni maji."

"Ndiyo, Baba. Hiyo ni nailoni."

"Nailoni nimeijua kabla hujazaliwa. Lete tina."

Alisema akitabasamu, kwa ajili ya wageni. Mimi nilisimama. Mwenye kofia ya sufu, bodaboda mmoja anayevaa sufu hata juani, akaona nachelewa, akaichukua chupa chini ya meza akampa kwa adabu. Baba akalowesha tambara. Nilisema tena, "Baba," lakini sauti yangu haikufika popote.

Alifuta kwa mizunguko mikubwa, kwa furaha, kutoka katikati kwenda kingoni. Kila mahali mkono ulipopita, dirisha liligeuka jeupe. Kwanza kama pumzi kwenye kioo, halafu kama maji yaliyooshewa mchele. Hakuacha hata kona. Alipomaliza alirudi nyuma hatua, akaweka mikono mgongoni.

"Haya, tazama mwenyewe," akamwambia kijana. "Hapo unaona mpaka Mwanhuzi."

Mtu mmoja alicheka akidhani ni utani. Kijana hakucheka. Aliliangalia dirisha, akamwangalia Baba, akaliangalia tena. Nadhani alikuwa bado hajaelewa, alidhani labda ni dawa itakayokauka. Akafungua mlango.

"Baba, hebu keti ndani wewe mwenyewe. Uniambie unaonaje."

Baba aliingia akakaa siti ya mbele. Mimi nilikuwa nimesimama palepale mlangoni, karibu kiasi cha kumgusa bega. Aligeuza shingo akatazama nyuma, kule kweupe.

"Naona kila kitu," alisema. "Namwona binti yangu yule pale nyuma, ameshika mkasi."

Mwenye kofia ya sufu aliivua.

Sikufikiri. Nilivua ndala zangu nikazunguka gari bila kutoa sauti, nikaenda kusimama nyuma ya dirisha, pale aliponiweka. Kisha nikasema, "Nipo, Baba."

"Si unamsikia?" Baba akamwambia kijana.

Kijana alinitazama nilivyosimama bila ndala kwenye mchanga wa moto. Alimsaidia Baba kushuka kwa kumshika kiwiko, kama anamheshimu tu.

"Kazi nzuri, Baba," alisema, akashukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana."

Wakati anaingia kwenye gari nilimfuata. Mimi, ambaye nikitumwa dukani huzunguka mara mbili nikisubiri watu wapungue. Nilishika mlango wake.

"Kaka, ukirudi Mwanza, utupakie."

"Nani?"

"Mimi na Baba. Macho yake. Anasema hajakomaa."

"Nani hajakomaa?"

"Mtoto wa jicho."

Aliugeuza ufunguo mkononi. "Baada ya harusi," alisema. "Muwe tayari asubuhi."

Dada yake aliolewa dirisha lile likiwa jeupe vilevile. Nilisikia watu walidhani ndio mtindo, bibi harusi asionekane.

Jumatatu kijana alikuja kibandani. Nilikuwa naogopa Baba atakataa, lakini kijana alijua namna ya kuongea na wazee. Alisema, "Baba, nimesikia una mgeni kwenye jicho. Twende wakamtazame, kama amekomaa wamtoe." Baba akasema hilo ni neno. Akavaa koti lake la kanisani. Tulipita Lamadi, tukaingia barabara kuu, na tulipofika Mwamanyili Baba alikuwa akieleza atakavyofanya akishatolewa. Atanunua cherehani ya pili, kila mtu awe na yake. Atashona paa zima la gari lile, si dirisha tu.

Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimpulizia kitu machoni, akamwekea mwanga, akamwambia atazame mbele na kubonyeza kitufe kila akiona nukta. Nilikuwa nimekaa nyuma. Nukta zilikuwa zinawaka nyingi kwenye sahani kubwa nyeupe iliyokuwa mbele yake, na kidole cha Baba kilikuwa kimetulia.

"Baba," daktari alisema baadaye, "huyu si mtoto wa jicho."

"Hajakomaa?"

"Hayupo kabisa. Hii ni presha ya macho. Mshipa wa nyuma ya jicho unakufa kidogo kidogo, bila maumivu, kuanzia pembeni. Sehemu iliyokufa hairudi. Hakuna cha kukata."

Baba alisubiri, kama vile sentensi haijaisha. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mnakata lini?"

Daktari alimweleza tena, kwa maneno yaleyale, taratibu zaidi. Alisema jicho la kushoto karibu lote limekwenda. La kulia limebaki tundu dogo katikati. Akitia dawa ya matone kila siku bila kukosa, tundu hilo linaweza kubaki. Asipotia, litafunga. Akasema angefika mapema wangeokoa mengi.

Mapema ndio wakati ule tulipokuwa tunangoja.

Tulikaa kwenye benchi la nje kumsubiri kijana. Baba alikuwa ameshika kichupa cha dawa kwenye kiganja kilichofunguka, kama kifaranga.

"Lile dirisha," akasema. "Lilipata ukungu?"

"Ndiyo, Baba."

"Kiasi gani?"

"Lote."

"Na wewe ulikuwa umesimama wapi niliposema nakuona?"

Sikutaka kumjibu, lakini aliuliza kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa. "Mlangoni. Pembeni yako."

Akaitikia kwa kichwa. Kijana akaja, tukarudi Bariadi.

Dirisha nililishona upya. Safari hii kijana alileta nailoni mwenyewe. Baba hakuja kuvuta. Alisema ana usingizi, na alilala nyumbani na uso ukutani mchana kutwa. Kazi haikuwa nzuri kama ya kwanza. Kona moja ilijikunja kidogo kwa kukosa mkono wa pili, na kila nikilifikiria gari lile naona kona ile.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuandika.

Baba mkubwa alikuja kutoka Nkololo pamoja na ndugu wengine kumwona mgonjwa. Walikaa, wakala, wakasikiliza habari za hospitali. Baba mkubwa akasema hospitali wameshindwa tu kukata, wamebandika jina la presha ili kuficha. Akasema yupo mtu kule Meatu, anakamua majani machoni, siku chache utando unatoka kama ngozi ya maziwa, mtu anaona. Amewasikia waliopona. Yuko tayari kwenda kumleta.

Niliona uso wa Baba ukigeuka kumfuata. Tangu Mwanza sikuwa nimeuona uso wake ukifanya hivyo.

"Hapana," nikasema.

Wote walinigeukia. Baba mkubwa aliweka kikombe chini.

"Bebe, wewe! Huyu mtoto kumbe ana ulimi? Nilidhani alizaliwa umeshonwa."

Walicheka. Nilitaka kusema yote aliyosema daktari, kwamba hakuna utando, kwamba kilichobaki ni tundu dogo na majani yanaweza kuliunguza. Nilisema nusu yake, na nusu hiyo niliisema nikitazama sakafu. Baba mkubwa akauliza mimi nilisomea udaktari darasa gani.

Wageni walipoondoka nilimwuliza Baba anaonaje. Alifikiri.

"Wale wa Mwanza wanasema haitarudi," alisema. "Huyu wa Meatu anasema itarudi. Ungekuwa wewe ungemsikiliza nani?"

Nilimwambia tu asubiri kidogo. Akasema atasubiri mpaka tuvune mahindi, kisha Baba mkubwa atamleta huyo mtu. Kwa sasa namtia matone asubuhi na jioni. Siku nyingine anakubali, siku nyingine anafumba macho kwa nguvu na dawa inatiririka shavuni, na namwona anaiacha itiririke. Akitaka kunitazama siku hizi anageuza kichwa chote polepole mpaka anipate, halafu anakaa hapohapo asinipoteze. Hicho ndicho kilichobaki, na ndicho wanachotaka kukitia majani.

Baba hatamsikiliza binti mmoja wa darasa la saba. Wengi atawasikiliza, ndivyo alivyo, hata bei ya pamba huiamini akishaisikia kwa watu wengi. Kwa hiyo nawaomba. Kama kwenu kuna mzee mwenye presha ya macho, na matone yamemtunzia alichobakiwa nacho, niandikieni kibandani kwetu mseme imekuwaje. Kama yupo aliyetiwa majani, andikeni hilo pia, hata kama linauma, mseme alikuwa anaona nini kabla na anaona nini sasa. Iwe kwa Kiswahili au Kisukuma, fupi au ndefu. Nitawasomea ndugu wote barua zenu kwa sauti, Baba akiwepo na Baba mkubwa akiwepo, na kusoma nitaweza, kwa kuwa maneno yatakuwa yenu. Ila andikeni mapema. Mahindi yameshaanza kukauka.